Kiwango cha Adabu

Fundi alifika asubuhi na ndoo mbili za rangi, rola, na ngazi ya kukunja begani. Subilaga, ambaye alikuwa anamsubiri kwa ajili ya spika, alimtazama akadhani amekosea nyumba.

"Hapa hatupaki rangi," alimwambia. "Tunabadilisha spika."

"Ndizo hizi, dada." Fundi alitua ndoo, akanyoosha mgongo. "Siku hizi zinapakwa. Hayo mabakuli mliyobandika ukutani yamepitwa na wakati, na kampuni itayazima yote kabla mwezi haujaisha. Mie naitwa Mwanaidi. Mtu wa Pangani, ila baridi yenu ya Mbeya imeshanizoea."

Subilaga akampokea ngazi, akamkaribisha ndani.

Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Isyesye: sebule, jiko, vyumba viwili, na upande wa pili wa korido chumba kikubwa chenye choo chake na mlango wake wa kutokea nje. Kila chumba kilikuwa na spika moja ukutani, ya duara, isiyo na waya. Zote zilipokea amri kutoka kwenye kisanduku kimoja kilichokaa koridoni, ambacho mafundi hukiita kichwa. Kwenye nyumba za jirani, spika za namna hiyo zilipiga muziki na kutangaza mpira. Mtu akitoka sebuleni kwenda kuoga, wimbo ulimfuata chumba kwa chumba bila kukatika. Kwa Subilaga zilikuwa na kazi nyingine.

Katika chumba kile kikubwa aliishi baba mkwe wake, Mzee Mwasomola. Wao ni Wanyakyusa, na katika ukoo ule mkamwana na baba mkwe bado walikuwa hawaonani, hawasemezani, na mkamwana halitaji jina la mkwewe. Zamani nyumba zilikuwa mbalimbali, na mwanamke akimwona mkwewe kwa mbali aliacha njia akaingia migombani hadi apite. Chini ya bati moja ni shughuli. Katika nyumba zenye watoto, mtoto ndiye anayekimbia na maneno kutoka huku kwenda kule. Nyumba hii haikuwa na mtoto, na mume, Ambokile, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kinachoelea baharini, kile cha kutoa chumvi kwenye maji, na alirudi kwa nadra.

Kwa hiyo kazi hiyo ilipewa mashine. Mzee akitaka kutoka, spika ya jikoni ilimwambia Subilaga abaki alipo. Mzee akikohoa, spika zilitoa sauti ya kinyume iliyokifuta kikohozi hewani, hata jikoni pakawa kimya. Na akiwa na neno, aliongea na ukuta, kama wazee walivyokuwa wakiongea na nguzo au kigoda pale ambapo hakuna mtu wa kutumwa. "Wewe mjumbe, mwambie mkamwana hivi na hivi." Mashine ililichukua neno, ikalipeleka kwa sauti yake yenyewe, sauti ya mwanamke asiye na kabila wala umri. Tangu aolewe, Subilaga alikuwa hajawahi kusikia sauti ya mkwewe.

Hata hivyo aliona anamfahamu vizuri. Alikuwa mzee mwenye shukrani. Alisifu chakula. Aliulizia mgongo wake ukiuma. Subilaga alikuwa amelelewa na shangazi, hakumjua baba yake, na mara nyingine akiwa anakata mboga alijikuta anasubiri spika iseme.

"Sasa sikiliza," Mwanaidi alisema, amepanda ngazi, mkono uko kwenye kile kisanduku. "Nikizima kichwa, nyumba inabaki hivihivi mpaka rangi ikauke. Alasiri hivi."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna. Mtasikiana kama watu wa kale."

Subilaga akageukia spika ya jikoni. "Mjumbe, mwambie baba leo mashine inazimwa mpaka alasiri. Asipite huku."

Hazikupita sekunde nyingi. "Baba amesikia, mwanangu," spika ilisema. "Anakutakia kazi njema na siku yenye baraka."

"Mkwe mzuri huyo," Mwanaidi akasema, akazima.

*

Kwanza ilisikika friji. Halafu bati, likijikunja kwa jua. Halafu, upande wa pili wa korido, mtu akakohoa.

Subilaga aliangusha mfuniko wa sufuria. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu anayeomba nafasi ya kupita. Baada yake zikaja ndara zikiburuzwa, kiti kikivutwa, kisha mluzi wa wimbo wa kanisani uliopotea njia palepale kila ulipofika kwenye kiitikio. Subilaga hakuwahi kujua kwamba mkwewe hupiga mluzi. Alichukua pembe ya kitenge akaziba sikio moja, halafu la pili.

"Unaumwa masikio, dada?" Mwanaidi alikuwa anapitisha rola sebuleni. Rangi ilikuwa ya kijivu, nzito kama uji, na ilinuka chuma.

"Simsikilizi baba."

"Ahaa." Akapaka kidogo. "Lakini si hujaongea naye? Kusikia tu?"

"Kusikia tu ndiko kunakoanza."

Mwanaidi alicheka, lakini alipunguza kicheko alipoona mwenzake hacheki. Akachukua kibao chake cha kazi, akakigusa kwa kidole chenye rangi. "Haya, niandikishe vyumba. Hiki chako, Subilaga. Jina la mwenye chumba kile?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Si mkweo? Hulijui?"

"Nalijua. Silitaji."

"Basi nipe herufi ya kwanza, nitabahatisha."

"Fundi!"

"Haya, yaishe. Nimesema yaishe." Akafuta mikono kwenye ovaroli, akavuka korido. Subilaga alisikia hodi, akasikia "Shikamoo baba", na baada ya hapo akaziba masikio kwa nguvu zote.

Mwanaidi alikawia. Aliporudi hakushika rola. Alisimama mlangoni mwa jiko akijikuna shingo.

"Jina nimeandika. Silisemi," alisema. "Ila amenituma. Mie nimekuja kupaka ukuta, sikuja kuwa spika, lakini mzee wa watu nimeshindwa kumkatalia."

"Amesemaje?"

"Amesema hivi. Nakupa kama nilivyopewa, usinikasirikie. Amesema mashine mpya ikiwashwa, wewe uiambie ukweli, ili leo umjibu kweli. Amekuomba tangu mvua za mwaka jana umruhusu arudi kijijini kwake Isange. Kila akiomba, wewe unamjibu kwamba unampenda. Anasema kama hutaki, sema hutaki. Yeye si mtoto wa kupewa pipi."

Subilaga alikuwa ameshika kisu na kitunguu. Aliviweka chini vyote.

"Hajawahi kuniomba kwenda Isange."

"Mie sijui."

"Hajawahi. Mwambie hajawahi. Mwambie kila jioni anasema yuko vizuri, hana shida, anashukuru kwa chakula."

Mwanaidi akaenda. Safari hii alirudi upesi.

"Anasema hajasema hivyo hata siku moja. Na kuhusu chakula..." Akasita.

"Sema."

"Anasema ndizi unaziivisha mno. Yeye anapenda zenye kushikika. Ameshasema mpaka amechoka. Akisema leo, kesho zinakuja nyingi zaidi, laini zaidi. Akafikiri unamkomoa."

"Mimi niliambiwa anazipenda! Niliambiwa zinamkumbusha za mama yake!"

"Basi mama yake naye aliziivisha mno," Mwanaidi alisema, na papo hapo akajutia. "Samahani. Ngoja. Kaa chini kidogo, dada. Nadhani najua."

*

Walikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, na Mwanaidi akamweleza akiwa na kibao mapajani.

Mjumbe, alisema, hakutengenezwa kwa ajili ya wakwe. Alitengenezwa kwa ajili ya maofisi, ili bosi na mfanyakazi wakisemezana kutoka vyumba tofauti wasivunjiane heshima. Bosi akisema "huyu mpumbavu yuko wapi", mfanyakazi alisikia "mkuu anaomba umpitie". Kazi zilikwenda. Baadaye kampuni ikaona nyumba nazo zina mabosi wake, ikauza huko. Mashine ilipewa viwango vitatu. Cha kwanza ni Neno kwa Neno: ulichosema ndicho kinachofika. Cha pili ni Adabu ya Kawaida: matusi yanaondolewa, mengine yanabaki. Cha tatu ni Adabu Kamili. Hapo mashine haibebi maneno. Inasikiliza, inapima kama maneno hayo yatamuumiza msikilizaji, na yakiwa yataumiza inatunga mengine.

"Na ninyi mlikuwa cha tatu," alisema. "Nilikiona wakati nafungua kichwa. Sikusema kitu, watu wengi kule kwetu pwani wanakitaka hichohicho."

"Inatunga kutoka wapi?"

"Kutoka kwako. Imekaa na wewe, inajua unapenda kusikia nini."

Subilaga alitazama uani. Kulikuwa na kamba ya nguo, na mashati ya mzee yakining'inia, aliyoyafua yeye jana. Alikuwa anafikiri pole pole, kama mtu anayepapasa chumba kwenye giza akijua kuna kitu cha kujikwaa.

"Na nikimwambia mimi jambo, yeye anafikishiwa nini?"

"Vivyo hivyo."

"Kila jambo?"

"La kuumiza, ndiyo."

Ndani mluzi ulikuwa umeisha. Kisha Subilaga akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayetuma mtu dukani:

"Kamuulize. Alipoambiwa habari ya mtoto, alisema nini."

Mwanaidi hakuuliza mtoto yupi. Alikwenda. Subilaga hakuziba masikio, lakini hakusikia kitu, kwa sababu waliongea kwa sauti ya chini. Alichokuwa nacho ni maneno ya mwaka juzi, wakati wa kiangazi, alipolala siku nyingi akiwa ametazama ukuta baada ya mimba kuharibika. Ambokile alikuwa baharini na dhoruba ilikuwa imefunga safari. Alikuwa ameiambia spika: mwambie baba, mtoto ametoka. Na spika ikarudi ikasema: pole sana mwanangu, nimeumia pamoja nawe, usinyanyuke, usipike, mimi nitakula hata mkate. Maneno yale aliyarudia mara nyingi. Siku aliyosimama tena, alisimama kwa ajili ya maneno yale.

Mwanaidi alirudi akasimama nyuma yake.

"Anauliza, mtoto gani?"

Subilaga alitikisa kichwa taratibu, mara moja.

"Mwambie alikuwa wa kiume," alisema. "Mwambie ni kiangazi cha mwaka juzi, ile wiki aliyokula mkate."

Fundi alikwenda tena, na zamu hii alikaa huko muda mrefu. Nyumba nzima ilikuwa wazi. Jirani alisikika akimwaga maji, gari lisilo na dereva likapita barabarani likijitangaza kwa mlio wake mwembamba. Kutoka chumba kile kikubwa hakikutoka hata kikohozi.

"Anasema hakuambiwa," Mwanaidi alisema aliporudi. Hakuwa tena na sauti ya utani. "Aliambiwa una mafua, chakula kitachelewa. Akanung'unika kwa sababu ya mkate. Anasema mashine ikiwashwa, yeye kwake asiongezewe neno wala asipunguziwe. Ya kwako utaamua mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nami niseme langu. Kiwango lazima kichaguliwe kabla rangi haijashika. Ikishakauka imeganda nacho, kukibadilisha ni kukwangua ukuta. Na mashine ni moja, dada. Haiwezi kumpa yeye maneno makavu na wewe ikakupa matamu. Akitaka neno kwa neno, na wewe utapata neno kwa neno."

"Nani anachagua?"

"Anayelala ndani ya nyumba. Aliye mbali anashauri tu. Na mzee amekuachia."

*

Ambokile alipiga simu mchana. Sauti yake ilikuja kwenye hereni ya kulia, na nyuma yake mitambo ya kiwanda ikinguruma.

"Fundi ameshamaliza?"

"Bado inakauka. Nani aliweka Adabu Kamili?"

"Mimi," Ambokile alisema. "Kwa nini?"

"Nieleze wewe kwa nini."

"Subi, mimi ndiye niliyekuwa mjumbe kwetu. Hujui ile kazi. Mama na babu hawakuwa wanapatana, na mimi nilikuwa naanza shule. Babu ananiambia, kamwambie mama yako ni mvivu. Nafika jikoni, mama amejitwisha kuni. Namwambia babu anakusalimu. Mama ananiambia, mwambie babu yako aniache. Namwambia babu, mama anasema chakula kinakuja. Nikiyabeba kama yalivyo, jioni nyumba inawaka moto. Nikiyapunguza, tunalala. Nilipoona kuna mashine inayofanya nilichokuwa nafanya mimi, niliinunua siku hiyohiyo."

"Ulijua baba anataka kurudi Isange?"

"Alinigusia. Nilimwambia angoje."

"Mimi hukuniambia."

"Nikuambie ili iweje? Kila nikikuuliza unasema mnapatana vizuri."

"Mimi na nani?"

Nyuma ya Ambokile mtu alimwita, akamwambia asubiri.

"Habari ya mtoto hakufikishiwa," Subilaga alisema. "Alijua nina mafua."

Halafu alisikia mumewe akisogea mbali na mitambo, mlango wa chuma ukifungwa.

"Nilimsubiri aniambie pole," Ambokile alisema. "Mwaka mzima. Mimi sikuweza kulitaja mwenyewe, nikajua wewe umeshamwambia. Nikasema basi, ndio uzee. Nikaacha kumpigia mara kwa mara."

"Ndiyo."

"Kumbe."

"Ndiyo."

"Sikujua itafika huko, Subi. Kweli tena."

"Najua hukujua."

Alivuta kamasi, na sauti yake ilipobadilika ikawa ile ya mwenye nyumba. "Lakini sikiliza. Rudisha hichohicho. Hapana, sikiliza kwanza. Ukiweka neno kwa neno, baba atakuomba Isange leo, kesho na keshokutwa, na wewe utalazimika kumjibu. Daktari wake wa moyo yuko hapo Mbeya. Mara ya mwisho alipoanguka kule, waliomwokota ni watu waliokuwa wanapita tu. Akienda, moyo ule hautamaliza msimu wa baridi. Ukikataa, utamuua kwa huzuni na atakwambia hivyo kila asubuhi. Kwa nini ujitafutie hayo? Mlikuwa mnaishi vizuri, kila mtu na mwenziwe aliyemridhisha."

"Nimesikia."

"Na ukimruhusu, akianguka njiani, ni wewe uliyemtoa. Mimi sitasema, lakini ukoo utasema."

"Nimesikia."

"Nimesikia maana yake nini?"

"Maana yake nimesikia, Ambokile," alisema, akaigusa hereni ikazima.

*

"Dada," Mwanaidi aliita kutoka sebuleni. "Inaanza kushika."

Kijivu cha ukuta kilikuwa kimepauka na kuwa karibu cheupe. Ukiupitisha mkono karibu nao bila kugusa, ulihisi mtetemo mdogo kama wa paka anayelala. Fundi alikuwa ameshafungasha rola na ndoo. Alishika kibao kifuani, akasubiri. Hakumharakisha na hakumshauri. Kazi yake ilikuwa kubonyeza.

Subilaga alisimama katikati ya chumba. Hakuwa mtu wa kusema sana, hata kwa nafsi yake, na alichokuwa anakipima hakikuwa na maneno mengi. Yule mzee aliyemwambia pole hakuwapo. Lakini pole yenyewe ilifanya kazi. Ilimnyanyua kitandani wakati binadamu wote walikuwa mbali au wameambiwa ana mafua. Kama ni uongo, ulikuwa uongo uliompikia uji. Alijua kwamba akichagua Adabu Kamili, jioni hiyo hiyo ukuta utamwita mwanangu, na kwamba pamoja na yote anayoyajua sasa, atafurahi.

Na hakuna atakayekuwa na kosa. Mzee ataomba kwenda kwake, ukuta utamjibu kwa upendo, siku zitapita, moyo utachoka wenyewe, kitandani, karibu na daktari. Hakuna mtu atakayekuwa amesema hapana.

Kwenye Neno kwa Neno kulikuwa na mzee wa mluzi uliopotea njia, ambaye ndizi laini zinamkera, ambaye hajui chochote kumhusu Subilaga, ila anadhani alimchezea kwa mwaka mzima. Huenda asimpende. Huenda akafika Isange akaanguka siku ya pili.

Aliwaza pia kwamba mtu aliomba kitu kimoja tu tangu mvua za mwaka jana, na hakuna aliyemsikia ila bakuli la ukutani.

"Neno kwa neno," alisema.

"Kweli?"

"Bonyeza."

Mwanaidi akabonyeza. Mtetemo wa ukuta ukapanda kidogo, ukatulia, na mara vitu vyote vikanyamaza: friji, bati, kikohozi. Pazia la sauti lilikuwa limerudi mahali pake. Subilaga alishangaa kuona kwamba anakikosa kile kikohozi.

"Inataka neno la kwanza," Mwanaidi alisema, "ili ijipime. Lolote. Watu wengine huhesabu. Mara hii tu utaisikia ikilifikisha kule."

Subilaga aliukaribia ukuta mpaka pumzi yake ikagusa rangi.

"Mjumbe, mwambie baba hivi. Mwambie mwanawe amekataa asiende. Mwambie mimi sijui kama moyo wake utafika. Jumamosi nitaita gari. Yeye atakaa nyuma, mimi mbele, na tutaweka pazia katikati. Nitakaa Isange kwa jirani mpaka nione anavyoendelea, na nikiona haendi vizuri nitamrudisha hata akinitukana. Mwambie akifa, nitaambiwa ni mimi." Mwanaidi alikuwa amegeuka anatazama dirishani. "Mwambie naogopa. Na mwambie sikumchezea. Basi."

Alisikia maneno yake yakienda. Kwa mbali, upande wa pili wa korido, ile sauti isiyo na umri iliyasema yote kwa mpangilio uleule, moja baada ya jingine, hata "naogopa", hata "basi". Haikuyapamba. Yalisikika mafupi na yenye kona, kama maneno ya mtu asiyezoea kusemezana na watu, na kweli ndivyo alivyokuwa.

Mwanaidi alikunja ngazi, akaikunjua, akaikunja tena. Subilaga alibaki palepale, paji la uso karibu na ukuta, akifikiri kwamba labda mzee amesimama vilevile upande wake. Hangeweza kujua. Mashine ilifuta kila kitu isipokuwa maneno, na maneno hayakuwa yamekuja.

Halafu ukuta ukasema.

"Mwambie abebe sweta. Isange asubuhi baridi ni kali, na ile nyumba haijawashwa moto siku nyingi."

Subilaga alisubiri kama kuna nyongeza. Haikuwapo.

Akaenda chumbani kutafuta sweta.